Je, Wajua? Namba Mbili Anazopewa Mteja Mlangoni mwa Intaneti

Je, wajua kwamba enzi za intaneti ya kupiga simu, modemu iliweza kumaliza milio yake yote, nywila ikakubaliwa, kompyuta ikapata anwani yake, na bado isifunguke tovuti hata moja? Mteja aliona alama ya kuunganishwa kwenye pembe ya kioo, dakika za simu zikawa zinahesabiwa, lakini kivinjari kikabaki cheupe. Mara nyingi kilichokosekana ni namba mbili tu: anwani ya seva ya majina ya kwanza na anwani ya ile ya akiba. Seva ya majina ndiyo hugeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Kompyuta isiyojua seva hiyo iko wapi inafika popote duniani kwa namba, na kwa jina haifiki hata jirani.

Je, wajua kwamba mfumo wenyewe wa majina, DNS, ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983? Kabla ya hapo majina ya kompyuta zote za mtandao yalikaa kwenye faili moja lililotunzwa na taasisi ya SRI huko California, na kila aliyetaka orodha mpya alilinakili. Kanuni zinazoshikiliwa hadi leo, RFC 1034 na RFC 1035, zilitoka mwaka 1987. Namna ya kumfikishia anwani ya seva ya majina mtu anayeingia kwa laini ya simu haikuwa sehemu ya kazi ya Mockapetris. Deni hilo liliachiwa wengine, na ndilo tunalolifuatilia leo.

Wajua kwamba itifaki ya SLIP, iliyoandikwa kwenye RFC 1055 ya mwaka 1988, haikuwa na njia yoyote ya kupeana anwani? Kila kitu kiliingizwa kwa mkono. Watumiaji wengi wa Windows 3.1 waliifahamu intaneti kupitia Trumpet Winsock, programu ya Peter Tattam wa Tasmania, Australia. Ukiifungua mara ya kwanza, ilikutaka ujaze kisanduku cha seva ya majina: mafungu manne ya tarakimu yaliyotenganishwa kwa nukta. Ukikosea tarakimu moja, umeunganishwa na hujaunganishwa. Na mtoa huduma aliyeihamishia seva yake kwenye anwani nyingine alikuwa na kazi ya kumwarifu kila mteja abadilishe mwenyewe.

Je, wajua kwamba PPP, itifaki iliyoirithi kazi ya SLIP, hufuata hatua tatu kwa zamu? Kanuni yake kuu ni RFC 1661 ya Julai 1994. Kwanza pande mbili hukubaliana kuhusu laini yenyewe. Pili mteja hujitambulisha kwa jina na nywila. Tatu, kupitia itifaki ndogo iitwayo IPCP, hugawiwa anwani. Shikilia mpangilio huu, maana kila kinachofuata kinautegemea: ifikapo hatua ya kugawa anwani, mashine iliyopokea simu tayari inamjua aliyepiga. Kwa hiyo inaweza kumpa huyu namba hizi na yule namba zile.

Dokezo fupi: CHAP, mojawapo ya njia za kujitambulisha ndani ya PPP bila kuipitisha nywila yenyewe kwenye laini, imeandikwa kwenye waraka RFC 1994. Waraka huo ulitoka mwaka 1996. Mwenzake wa zamani, PAP, aliipeleka nywila peupe kama ilivyo.

Je, wajua ni nani aliyekuwa akiulizwa kama nywila ni sahihi? Mashine ya kupokea simu, ambayo mafundi huiita NAS, haikuhifadhi orodha ya wateja. Ililiuliza daftari kuu kwa itifaki ya RADIUS. Itifaki hiyo ilizaliwa baada ya Merit Network ya Michigan kutafuta, mwaka 1991, njia moja ya kuwatambua watu wanaopiga simu kuingia mtandaoni. Kampuni ya Livingston Enterprises ya California ndiyo iliyoitengeneza. Steve Willens na Carl Rigney ni miongoni mwa waandishi wa kanuni zake. Ilichapishwa kwa mara ya kwanza Januari 1997 kama RFC 2058, na toleo linalotumika sasa, RFC 2865, ni la Juni 2000.

Wajua kwamba kwa miaka kadhaa RADIUS ilitumia mlango 1645 uliokuwa tayari umeandikishwa kwa huduma nyingine iitwayo datametrics? Baadaye ikapewa mlango wake halali, 1812, na 1813 kwa ajili ya hesabu za matumizi. Mitambo mingi bado inakubali mlango wa zamani pamoja na mpya.

Sasa tufike penye uzito. Seva ya RADIUS ikimkubali mteja haisemi "ndiyo" tupu. Jibu lake hubeba orodha ya masharti, kila sharti likiwa na namba yake ya sifa. Sifa namba 8 ni anwani atakayopewa mteja. Namba 9 ni barakoa ya mtandao. Namba 27 ni muda wa juu wa kukaa hewani, na 28 ni muda wa kukaa kimya kabla ya kukatwa. Kuna hata maelekezo ya siri ndani ya namba 8: seva ikiandika 255.255.255.254, maana yake ni kwamba NAS ichague yenyewe anwani ya kumpa mteja. Ikiandika 255.255.255.255, mteja aachiwe achague.

Na seva ya majina je? Haimo. Pitia RFC 2865 kuanzia mwanzo hadi mwisho, hutakuta sifa hata moja ya kumpelekea mteja wa simu anwani ya DNS. Kanuni iliyofikiria mpaka muda wa mteja kukaa kimya ilikisahau kitu ambacho bila hicho mteja hafungui tovuti hata moja kwa jina. Nafasi ilikuwepo tele: sifa moja huweza kubeba hadi baiti 253, na anwani mbili za seva za majina ni baiti 8. Kwa maoni yangu, hili ndilo pengo kubwa kuliko yote katika itifaki hiyo, na gharama yake imelipwa na mafundi na wateja kwa miaka mingi.

Je, wajua kwamba hata upande wa PPP nafasi ya DNS iliongezwa kwa kuchelewa, na ililetwa na kampuni moja? Desemba 1995, miezi michache baada ya Windows 95 kuingia madukani, Steve Cobb wa Microsoft alichapisha RFC 1877. Ni waraka wa taarifa tu, haukupitishwa kuwa kiwango rasmi cha intaneti. Machaguo ya kawaida ya IPCP yalikuwa namba 1, 2 na 3. Yeye akaruka hadi 129 kwa DNS ya kwanza na 131 kwa ya akiba. Namba 130 na 132 zilikwenda kwa seva za majina za NetBIOS, mfumo uliotumiwa na mitandao ya Windows maofisini. Dunia nzima ikaufuata waraka huo, kiwango au si kiwango.

Namna maombi yenyewe yanavyokwenda inapendeza. Kompyuta ya mteja hutuma chaguo 129 ikiwa imeandika 0.0.0.0, maana yake "sina, nipe". Mashine ya upande wa pili hulikataa pendekezo hilo kwa adabu na katika kukataa huko huandika anwani sahihi. Mteja hurudia ombi lilelile, safari hii akiwa na anwani aliyopewa, na hapo hukubaliwa. Kila chaguo ni baiti 6, mawili ni baiti 12. Kwenye modemu ya kilobiti 28.8 kwa sekunde, baiti hizo huchukua milisekunde chache tu kupita. Lakini mashine ya upande wa pili ikiwa haina anwani ya kutoa, hulitupa chaguo lote, mazungumzo yanaendelea bila hilo, na mteja anaingia mtandaoni akiwa hana wa kumuuliza majina.

Je, wajua kwamba kwenye Linux chaguo la kuitaka NAS itoe seva ya majina huitwa usepeerdns, na lile la upande unaotoa huitwa ms-dns? Herufi mbili za mwanzo ni kumbukumbu ya kampuni iliyoandika RFC 1877.

Basi tuna pande mbili. Upande wa mteja, PPP sasa inaweza kubeba DNS. Upande wa daftari kuu, RADIUS haiwezi. Katikati amesimama fundi wa mtoa huduma, anayetaka anwani anazoziandika kwenye rekodi ya mteja zimfikie mteja huyo. Watengenezaji wa mitambo walifanya nini? Kila mmoja alichimba njia yake.

Ascend, ambao mitambo yao ya kupokea simu ilijaa kwa watoa huduma, walijichukulia namba kwenye eneo la pamoja bila kugawiwa: 135 kwa DNS ya kwanza, 136 kwa ya pili, 137 kuamua kama mteja apewe au asipewe. Kanuni ilikuwa imeweka sifa namba 26 mahususi kwa nyongeza za kampuni, ili kila kampuni iwe na uwanja wake chini ya namba yake ya usajili. Microsoft, iliyosajiliwa kwa namba 311, iliutumia uwanja huo ipasavyo: RFC 2548 ya Machi 1999 inataja sifa ndogo 28 na 29 kwa DNS, na 30 na 31 kwa NetBIOS. Cisco, namba 9, wao walipendelea maandishi: ip:dns-servers= kisha anwani zifuatane. RFC 2882 ya Julai 2000 ilieleza desturi za namna hii, pamoja na ile ya kampuni kujitwalia namba za pamoja.

Matokeo yake ni kwamba mtoa huduma mwenye mitambo ya kampuni tatu aliandika anwani zilezile mara tatu, kila mara kwa mtindo mwingine. Na kulikuwa na mtego: kanuni inairuhusu NAS kuipuuza sifa isiyoijua. Haikatai, haionyi, haiandiki chochote. Fundi anaona kwenye kumbukumbu za seva kwamba DNS imetumwa, mteja anapiga simu kulalamika kwamba hakuna kinachofunguka, na wote wawili wanasema kweli.

Wajua pia kwamba Livingston, iliyoibuni RADIUS, na Ascend, iliyozipindisha namba zake, ziliishia nyumba moja? Lucent iliinunua Livingston mwaka 1997 na Ascend mwaka 1999.

Huenda ukauliza: kwa nini usiiandike DNS moja kwa moja kwenye NAS, ikawa moja kwa wote? Kwa mtoa huduma mdogo mwenye laini zake mwenyewe, hilo lilitosha kabisa. Tatizo lilianza biashara ya simu za jumla ilipokua. Kampuni moja ilimiliki laini na modemu, kampuni nyingi zikakodi. Mteja aliandika jina lake, alama ya @, kisha jina la mtoa huduma wake, na ombi likapelekwa kwenye RADIUS ya mtoa huduma huyo. Simu kumi zilizoingia kwenye mtambo mmoja kwa dakika moja zingeweza kuwa za kampuni kumi. Ukiwapa wote DNS moja, baadhi yao watauliza kwenye seva ya majina isiyowahudumia wageni, nao watakataliwa. Ndipo ilipobidi anwani zitoke kwenye rekodi ya mteja, pamoja na jibu la kumkubali.

Je, wajua kwamba kwa Afrika Mashariki jambo hili lilipimwa kwa sekunde? Kikoa cha .ke kilisajiliwa mwaka 1993 na cha .tz mwaka 1995, lakini kebo ya kwanza kubwa ya baharini ya ukanda huu, SEACOM, ilianza kazi Julai 2009. Kabla ya hapo mawasiliano na nje yalipita kwenye setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali likipanda, likashuka, jibu nalo likapanda na kushuka, ni safari ya zaidi ya kilomita 140,000. Hata kwa kasi ya mwanga, ni karibu nusu sekunde. Mteja wa Dar es Salaam au Mombasa aliyepewa seva ya majina iliyoko Ulaya aliilipa nusu sekunde hiyo kwa kila jina jipya, kabla ukurasa wenyewe haujaanza kuja. Aliyepewa seva ya mjini mwake, yenye majibu ya majina yanayoulizwa kila siku, aliyapata bila kugusa setilaiti. Wakati huohuo mteja alikuwa akilipia simu kwa dakika. Tofauti hiyo yote ilitokana na baiti 8 kwenye jibu la kuingia.

Ndiyo maana kubadilishana data ndani ya nchi, bila kupitia setilaiti, kulipiganiwa. Kituo cha Kenya cha kubadilishana data, KIXP, kilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2000, kikafungwa baada ya wiki chache kwa amri ya mdhibiti, na kikafunguliwa tena mwaka 2002.

Je, wajua kwamba anwani ya DNS inaweza kutumika kumwambia mteja kwamba muda wake umekwisha? Rekodi ya mtu asiyelipa hubadilishwa ili akipiga simu apewe seva ya majina ya pekee, inayojibu kila jina kwa anwani moja: ukurasa wa malipo. Akilipa, rekodi inarudishwa. Lakini namba hizo hupeanwa wakati wa kuunganisha, kwa hiyo kwa kawaida hazibadiliki mteja akiwa hewani. Ni lazima akate na kupiga upya, au seva imkatishe kwa ujumbe maalumu ulioelezwa kwenye RFC 5176 ya mwaka 2008.

Wajua kwamba yote hayo hubatilishwa na kisanduku kimoja kwenye kompyuta ya mteja? Kwenye Windows 95 na zilizofuata, mteja huchagua ama kupewa seva ya majina na mtandao, ama kuandika yake. Akiandika yake, kompyuta haiombi kabisa. Wahalifu waliliona hilo. Programu haribifu ya DNSChanger ilibadilisha anwani hizo kwenye kompyuta takriban milioni 4 duniani, zikawa zinauliza majina kwa seva za wezi. FBI iliuvunja mtandao huo Novemba 2011. Seva za wezi hazikuzimwa siku ile, kwa sababu mamilioni wangepoteza intaneti kwa mpigo. Ziliwekwa seva safi mahali pake, zikaendeshwa na taasisi ya ISC hadi tarehe 9 Julai 2012.

Je, wajua kwamba kama uliwahi kutumia modemu ya USB ya laini ya simu ya mkononi, huenda ulikuwa ukipiga simu kwa PPP ileile? Namba iliyopigwa ni *99#. Simu hiyo haikutoka nje ya kompyuta yako: PPP iliishia ndani ya modemu, nayo modemu ikaomba anwani na DNS kwa mtandao kwa lugha ya simu za mkononi. Huko nako, viwango vya simu za mkononi vya 3GPP viliyabeba machaguo ya RFC 1877 yakiwa mazima. Baadhi ya modemu za 3G, zikiulizwa kabla mtandao haujajibu, zilitoa DNS za kujazia nafasi, 10.11.12.13 na 10.11.12.14, ambazo hazikuwa seva za mtu yeyote. Watumiaji wa Linux waliitambua hali hiyo kwa kuziona namba hizo kwenye kumbukumbu, na dawa yao ilikuwa kuiruhusu programu ya pppd irudie kuuliza mara nyingi zaidi hadi mtandao ujibu.

Intaneti ya nyumbani ya leo, kwa watoa huduma wengi, bado huingia kwa PPPoE, yaani PPP juu ya Ethernet, iliyoandikwa Februari 1999 kwenye RFC 2516. Ruta yako ikiwaka, inaomba 0.0.0.0 vilevile kama kompyuta ya mwaka 1996, na mara nyingi upande wa pili kuna RADIUS. Wi-Fi ya eduroam, wanayoitumia wanafunzi kupitia mitandao ya vyuo ya KENET nchini Kenya na RENU nchini Uganda, nayo humtambua mtu kwa RADIUS. Ila huko DNS haipiti njia hiyo, inatolewa na seva ya kugawa anwani (DHCP) ya chuo ulichotembelea.

Na je, pengo lilizibwa? Kwa IPv4, yaani anwani za mafungu manne, halikuzibwa kamwe. Bado ni sifa za kampuni. Kwa IPv6, anwani za kizazi kipya, Aprili 2013, RFC 6911 ilileta sifa namba 169, ya pamoja kwa wote, ya kubeba anwani ya seva ya majina. Miaka 16 tangu RADIUS ichapishwe.

La mwisho ni zito. Julai 2024 watafiti walitangaza shambulio la Blast-RADIUS, lililosajiliwa kama CVE-2024-3596. Linautumia udhaifu wa MD5, hesabu inayothibitisha majibu ya RADIUS: aliyejipenyeza kati ya NAS na seva anaweza kulibadilisha jibu la kukataa likawa la kukubali, na kulipachika masharti anayoyataka. Kinga ya haraka ni kulazimisha sifa namba 80, inayotia muhuri imara zaidi, kwenye maombi na majibu yote.

Kwako unayeendesha mtandao wa mtaa, wa chuo au wa wilaya: fungua rekodi moja ya mteja leo. Hakikisha ina seva za majina mbili, zilizo kwenye mashine mbili tofauti, mojawapo ikiwa karibu na wateja wako, na kwamba sifa uliyoitumia ni ile ambayo mtambo wako unaielewa. Kisha jiunganishe kama mteja wa kawaida na utazame ni anwani zipi umepewa. Na wewe wa nyumbani, ingia kwenye ukurasa wa ruta yako, soma namba mbili zilizoandikwa kwenye DNS, na kama huzitambui, mpigie mtoa huduma wako umuulize ni za nani.